Siku Thelathini za Kadi

Mumewe, Rama, alipomkanyaga mbavuni mara ya tatu, Zuwena hakulia. Alikuwa akihesabu siku. Zilibaki kumi na mbili.

Kosa la siku hiyo lilikuwa chumvi kwenye mchuzi. Wiki iliyotangulia lilikuwa salamu aliyoitikia dukani kwa Sabiri, na ile ilimng'oa jino. Pale Ngamiani majirani walishazoea. Wakisikia vyombo vinarushwa, waliongeza sauti ya redio.

Mastura wa chumba cha pili ndiye pekee aliyejua habari ya bima. Alimsindikiza ofisini siku Zuwena alipouza herini za marehemu mama yake ili akate kadi. Karani aliuliza kama kuna kisukari, presha au pumu. Zuwena akasema hakuna, ni uzima mtupu. Karani akashangaa, maana wengi humjia wakiwa wameshaanza kuumwa.

"Mzima ndiye wa kukatiwa bima, kaka'angu," Zuwena alimwambia. "Akishavunjika, mmechelewa."

Karani akacheka, akamwandikia, akamweleza kwamba kadi haitumiki mpaka siku thelathini zipite.

Njiani Mastura alimsihi akimbilie kwao Mwera kabla hajauawa. Zuwena akajibu kwamba alishakimbia mara mbili, na mara zote Rama alimfuata akamrudisha akimburuta. Hakimbii tena.

Basi akavumilia. Siku ya ishirini alichomwa bega kwa pasi. Siku ya ishirini na saba alikabwa koo mpaka macho yakaingia kiza. Kila mara aliinuka, akaosha damu, akainjika chungu.

Siku ya thelathini na moja, Jumamosi adhuhuri, Rama aliingia amefura, akafunga mlango kwa komeo. Safari hii redio hazikufua dafu. Majirani walisikia mchi ukitua, mfupa ukaalika, kisha mchi ukatua tena, na yowe ambalo halikufanana na sauti ya mtu. Walipovunja mlango, sakafu ilikuwa imetapakaa damu. Mastura akaita bajaji, akaichukua kadi chini ya godoro.

Hospitalini, muuguzi aliipokea kadi, akaikagua picha, akamtazama majeruhi aliyekuwa akigumia kitandani. Kisha akamgeukia Zuwena, aliyesimama kando akijifuta mikono kwa upande wa khanga.

"Mumeo ameumia mkono upi, dada?"

"Yote miwili."