Krismasi ya Novemba

Jacinta aliirarua Novemba kutoka kwenye kalenda ya ukutani, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Sasa ni Desemba," akasema. "Washa kamera."

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tatu Novemba 1999, saa tisa mchana, Kitengela. Kwenye kona ya sebule palisimama tawi la mti wa Krismasi lenye pamba na baluni tatu. Kuku alikuwa mezani. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amecheka.

Krismasi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu: Wangila, kaka yake Jacinta, aliyekuwa Amerika mwaka wa nne. Karatasi zake zilikuwa zimeisha muda. Akitoka huko, haruhusiwi kuingia tena. Na wiki mbili nyuma alikuwa amepiga simu akaapa kwamba asipomwona mama yake kabla ya Krismasi, atapanda ndege. Tangu Agosti kila akimuulizia mama aliambiwa jambo moja: amekukasirikia, hataki kuongea na wewe. Amechoka kuambiwa. Anataka kuona.

Basi aone. Gathoni, msichana wa Embulbul anayeishi mtaa mmoja naye huko, angeruka kesho yake. Angepita kuchukua kaseti ya video saa kumi.

Mzee Wanjala, baba yao, hakununua kaseti mpya. Alitoa moja chini ya televisheni, akabandua karatasi ya ubavuni kwa ukucha, akampa Muthama, fundi wa video.

"Rekodi juu ya hii."

Muthama aliigeuza mkononi. "Mzee, ni hii kweli?"

"Hakuna mtu hapa anataka kuiona tena. Wewe kazi yako ni kupiga picha."

"Lakini hii ni ya saa..."

"Nimesema piga."

Muthama akaitia kaseti kwenye kamera.

Mzee ndiye aliyeanza. Alikaa wima na tai yake ya kanisani, akamtakia mwanawe Krismasi njema kwa sauti ya kumsomea mtu kesi. Kisha akamuuliza anataka kurudi kufanya nini. Kuja kukaa na wao kwenye vumbi la simiti? Kijana wa miaka thelathini analilia mama kama ameachishwa nyonyo jana.

Jacinta alifuata. Alisema wamembembeleza mama mpaka wamechoka. Alisema kuna watoto wanaondoka na kuna watoto wanaobaki kufua shuka, na wanaoondoka wasijifanye kuona uchungu kuliko wengine. Hiyo sehemu hakuwa ameipanga. Akapangusa pua, akamwonyesha Muthama mlango wa jikoni.

"Mgongo tu. Ukienda mbele nitaivunja hiyo kamera."

Kwenye kigoda, mbele ya jiko la makaa, lilikaa gauni la kijani ambalo Wangila alikuwa amemtumia mama yake mwaka juzi. Zipu haikufika juu, kwa hiyo leso ilifunika mabega. Kitambaa cha kichwa kilishuka hadi masikioni. Mkono ukageuza chapati, ukageuza nyingine. Mara mabega yakatikisika.

"Usikohoe," Jacinta akanong'ona kwa ukali.

Mzee akaingia kwenye picha, akasimama kando ya kigoda.

"Umeona mwenyewe, Wangila. Hata kugeuka hageuki. Usije. Ukikanyaga hapa hutapata mtu wa kukulaki. Kaa huko."

Honi ikalia getini. Jacinta aliichomoa kaseti kwenye kamera.

"Jacinta, ngoja kwanza," Muthama akasema.

"Ngoja nini? Unataka kuongezwa chapati?"

Aliipitisha katikati ya vyuma vya geti. Gathoni akauliza kama anaweza kumsalimia mama, maana Wangila alimwagiza amshike mkono.

"Leo hasalimiwi," Jacinta akajibu, akasukuma komeo.

Alisimama hapo mpaka gari likapotelea kwenye vumbi la barabara ya Namanga. Aliporudi ndani, Mzee alikuwa amelegeza tai na anakula kuku. Jikoni, shangazi Immaculate alikuwa akihangaika kulivua gauni kichwani.

"Mwaka ujao mtafute mwingine," akamwambia Mzee kutoka ndani ya kitambaa. "Siwezi kuvaa nguo ya marehemu mara mbili."

Muthama alikuwa akikunja nyaya zake taratibu.

"Mzee, kaseti ni ya saa tatu," akasema bila kuinua macho. "Krismasi yenu imefuta dakika ishirini za kwanza. Kuanzia hapo jeneza linafunguliwa."