Kipande cha Penseli

Fundi cherehani alikuja msibani na kipande cha penseli ndani ya pochi. Alikuwa amekitunza kama mboni ya jicho tangu darasa la tatu, siku marehemu, mwenzake wa dawati moja, alipoiuma penseli yake mpaka ikakatika, akampa nusu.

"Ni wewe tu," alimnong'oneza siku ile. "Usimwambie mtu."

Leo waliosoma nao walijaa sebuleni kwa mama wa marehemu, kila mmoja akisimulia lake. Fundi alingoja zamu yake, pochi mkononi. Ndipo mmoja wao, nesi, akafungua kiganja: kipande cha penseli, upande mmoja umetafunwa.

"Aliniambia ni mimi tu," nesi akasema, akilia.

"Hata mimi!" akadakia dereva wa lori, akichomoa chake mfukoni.

Watu wakacheka huku wakifuta machozi. Fundi hakucheka. Alishikwa na wivu. Alitamani marehemu afufuke walau dakika tano, wagombane.

Mama akamgeukia. "Na wewe, mwanangu? Si wewe ndiye uliyekaa naye dawati moja miaka yote? Alikupa nini?"

Ndani ya pochi, kidole chake kilipapasa alama za meno, moja baada ya nyingine.

"Mimi? Hakunipa kitu, mama."