Mashine Isiyo na Kiherehere

Kompyuta yangu ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa Jumanne. Jumatano asubuhi afisa wa kata akafika kuiondoa kwenye mtandao na kuitia lakiri, kama sheria inavyotaka. Alikuwa binti mpole aitwaye Kabula.

"Pole, mama," alisema akibandika lakiri kwenye tundu la waya wa mtandao. "Sasa haitatuma wala kupokea kitu. Utaletewa mpya."

"Hiyo mpya kaa nayo," nikamjibu. "Ya jirani ninaijua. Ukiandika 'nimechoka', inafuta na kuweka 'sijambo', halafu nakala inakwenda wilayani. Hii yangu angalau haina kiherehere."

Kabula alicheka, akakusanya vifaa vyake, lakini hakuondoka. Alichungulia nje, akarudishia mlango, kisha akaniomba akae kidogo amwandikie mama yake barua kwa kompyuta hiyohiyo. Angeichapa kwenye karatasi, aipeleke mwenyewe Shinyanga. Nikamvutia kiti, nikaenda jikoni kuinjika chai.

Niliporudi na vikombe, alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Mama, nimechoka, nataka kurudi nyumbani." Mikono ilikuwa mapajani, macho kwenye kioo.

"Mbona umeacha?" nikamuuliza.

"Nasubiri ibadilishe."

Nikaketi kando yake, tukaitazama pamoja. Chai ikapoa. Maneno yakabaki vilevile.

Kabula akajifuta macho kwa kiganja, akasogeza kiti karibu zaidi, akaanza mstari wa pili.