Spika ya Kumfikia Nyanda

"Sitaki iimbe," alisema Salu, akaisukuma ile spika pembeni. "Nataka igonge."

Abdulrazak, fundi spika aliyehamia Bariadi kutoka Tanga mwaka jana tu, akaipakata spika yake kama mtoto aliyetukanwa. "Mzee wangu, hii harusi zote za mjini zinaigombea."

"Basi ipeleke harusini. Mimi nakwenda kwa Nyanda."

Jina hilo alilitema kama mwiba wa samaki. Fundi, aliyependa ugomvi wa watu kuliko chai ya asubuhi, akavuta kigoda.

Salu akasimulia. Alianza kupiga gitaa kwenye bendi ya Nyanda angali na nywele nyeusi. Usukumani ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, wakati uleule, zikitazamana. Watu wakikukimbia wakaenda kwa mwenzako, umekwisha. Bendi nazo zikaurithi mtindo huo. Na kila watu walipoanza kukimbilia kwenye gitaa la Salu, Nyanda, mwimbaji na mwenye bendi, alijivuta polepole hadi kwenye amplifaya, akakizungusha kitufe cha sauti kurudi nyuma, akasema kwa sauti ya asali: "Punguza, Salu."

"Hata harusi ya binti yangu Jenifer alinifanyia hivyo, mbele ya wakwe. Wakacheka mpaka wakamwaga togwa. Mmoja wao hadi leo ananiita Mzee Punguza."

Fundi aliuma midomo asicheke.

"Nikamwambia tupange siku. Yeye na bendi yake upande huu, mimi na gitaa langu upande ule, tuone nani atabaki na uwanja mtupu. Akawa anacheka tu. Anakohoa, anacheka."

"Na sasa?"

"Sasa hana pa kukimbilia. Jumapili, baada ya ibada, kwake Migato. Umeme nimeshapata. Mkewe ananipa."

"Mkewe!" Kigoda kilisogea chenyewe. "Mke wa Nyanda akupe umeme wa kumtwangia mumewe?"

"Nyanjige ndiye aliyeniita. Unadhani nyumbani alikuwa hampunguzi?"

"Mzee wangu, una mambo wewe."

Wakaanza kujaribu. Spika ya kwanza ilikuwa na sumaku nyembamba kama biskuti. Ilipiga kelele nzuri za juu, lakini Salu alitikisa kichwa. "Hiyo itaishia kwenye nyasi." Ya pili ilitoka kwenye gari, ikakoroma. Mwishowe Abdulrazak akaburuta kutoka uvunguni spika mbili za inchi kumi na mbili, karatasi ngumu, sumaku nzito kama kinu. Salu akagusa uzi mnene mara moja. Chupa za soda kwenye genge la jirani zikagongana meno, na kuku wa Mama Matilda, muuza maandazi, akataga kabla ya siku zake.

"Hizo," alisema Salu.

Likabaki sanduku la kuzibebea. Abdulrazak akachukua penseli sikioni.

"Mgongo niuache wazi au niuzibe? Ukiwa wazi, sauti inatawanyika, mbele na nyuma. Wapiga gitaa wengi wanapenda hivyo. Nikiuziba, yote inasukumwa upande mmoja, na besi inakuwa nzito."

"Ziba. Hata punje isipotee hewani."

"Spika nitaziinua kidogo, ziwatazame watu usoni."

"Usiziinue. Mbele kuwe bapa kama meza, na wavu wa chuma. Vishikio viweke mgongoni."

"Mgongoni? Utalinyanyuaje?"

"Wewe weka."

Fundi akaguna, akaweka alama. "Nyumba yake ni ya udongo au tofali? Nijue sauti itapenyaje."

"Saruji. Wanawe wamemjengea majuzi. Mpaka marumaru wameweka."

"Kumbe anajiweza."

"Anajilalia tu."

Abdulrazak alilitengeneza sanduku hilo kwa ubao wa mninga, akalibana kwa gundi na skrubu mpaka halikupitisha hata pumzi. Lakini ugomvi mtamu namna ile angeuachaje upite bila yeye? Jumapili akafunga duka, akapanda na Salu kwenye toyo ya mizigo ya magurudumu matatu, sanduku na amplifaya ya Salu katikati yao.

Walipofika Migato, watu walikuwa wamejaa uwanja wa nyumba ya Nyanda. Vijana wawili wakamwona Salu na gitaa lake, wakaitana: "Mzee Punguza kaja!" Taya la Salu lilikuwa linatafuna kitu kisichokuwemo mdomoni.

Fundi aliangaza huku na huku. Hakuona bendi, hakuona maiki wala ngoma. "Sasa huyo Nyanda yuko wapi?" alinong'ona. "Au ameogopa?"

"Yupo. Shika upande huo."

Nyanjige alitokeza dirishani, mwanamke mwembamba mwenye kanga nyeusi kichwani, akawarushia waya wa umeme. "Mhola, Salu?"

"Mhola, shemeji. Huruma ikikuingia, sema sasa."

"Fungulia yote," alisema Nyanjige.

Salu akamwongoza fundi hadi kando ya nyumba, shamba la pamba linapoanzia. Wakashika vile vishikio vya mgongoni, wakalishusha sanduku kifudifudi juu ya marumaru mpya, mpaka spika zikaibusu. Salu akachomeka gitaa kwenye amplifaya, akakizungusha kitufe cha sauti hadi kikagoma, kisha akaupigapiga begani msalaba wenye jina la Nyanda, kama mtu anayemwamsha mwenzake.

"Haya, Nyanda," alisema. "Inuka upunguze."