Taa ya Mkononi mwa Mama

Mama ana taa ndogo chini ya ngozi ya mkono, kama wagonjwa wote wa figo. Figo zikimwaga homoni ya kupandisha presha, taa inakuwa nyekundu. Na ukimwashia mgonjwa nyekundu mara tatu, sheria inakutoa nyumbani kwake. Mimi nilishamwashia mara mbili: siku tuliyogombana juu ya wali ulioungua, na siku niliyomletea habari ya msiba wa kaka.

Jumapili ilibidi nimwambie jingine.

"Mama, kina Shomari wamevunja uchumba wangu."

Mshipa wa shingo ulimruka. Nikaukodolea macho mkono wake. Taa ilibaki kijani.

"Basi tutakaa wote, Saumu," alisema. "Hakuna wa kukutoa humu."

Nililia kwa furaha. Nikajua figo zinapona.

Leo asubuhi nilikuwa natandika kitanda chake nikakuta pakiti ya chumvi chini ya godoro, imebaki nusu. Nikamkumbuka nesi aliyeifunga ile taa. Alituonya kwamba chumvi nyingi huinyamazisha ile homoni, kwa hiyo taa inadanganyika, huku presha ikiendelea kupanda na figo zikiisha.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni, peku. Miguu imevimba, kandambili hazimwingii tena.

"Irudishe ulipoitoa, mwanangu," akasema taratibu.

Nilitaka kupiga kelele. Nikautazama mkono wake, nikairudisha ile pakiti.