Skrini ya Pili

Mkuu wa kituo cha afya alikuwa ameshachomeka skrini moja kwenye laptopu yake. Ya pili alikuwa ameibeba Ubaldo, mlinzi, bado ina nailoni yake.

"Lete, mzee. Moja hainitoshi, macho yananiuma."

Ubaldo hakusogea. Mwaka jana mashine ya kupimia wajawazito, ya wodi ya wazazi, iliharibika skrini, wakaifunika kitenge. Mkewe akaambiwa aende hospitali ya Sumbawanga, akafia njiani na mtoto tumboni.

"Nyie si mlisema skrini hakuna?"

"Hiyo haiendani na ile mashine, mzee."

"Hata mke wangu mlisema atafika."

Akaikumbatia skrini kifuani, nailoni ikilia, waya ukiburuzika sakafuni, akashika njia ya wodi ya wazazi.