Jina Lililobaki Darasani

Somo la kwenye simu lilipokwisha, wanafunzi waliaga na majina yao yakatoweka kwenye kioo. Likabaki la Zamda peke yake.

"Zamda, umelala?" Dokta Shemdoe, mhadhiri wao, alitania. "Au bando lako halina mwisho?"

Zamda hakuwa amelala. Alikuwa akizunguka chumbani kwake, simu mkononi, kamera imezimwa. Leo walifundishwa dalili za sonona, na kila dalili iliyosomwa alikuwa nayo: kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, huzuni nzito isiyoisha. Alitaka kusema, akaogopa. Akazunguka tena.

"We Zamda! Chai inapoa!" mama yake aliita kutoka uani. "Hiyo simu ndiyo itakayokulisha?"

"Haya, nafunga darasa," alisema mhadhiri.

"Usifunge, Dokta!" Sauti ilimtoka kwa nguvu. "Zile dalili ninazo mimi. Zote."

Kisha kiti kikavutwa upande wa pili.

"Sifungi, binti yangu. Nimekaa. Sema."

Zamda aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alivua ndala taratibu, kama mtu anayeingia kwa mgonjwa, lakini hakuingia; alimwacha aseme kwanza.